Hiyo kadi yako haipigi kura ya mtaa

Leo hata "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, sikupi. Umeandika kwamba umehamia Ihumwa, hapa Dodoma, kadi ya mpiga kura unayo tangu 2020, na uandikishaji wa serikali za mitaa unaupita tu kwa sababu kura moja haibadilishi kitu.   Kwanza hiyo kadi.

Kadi hiyo ni ya Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi: rais, mbunge, diwani. Uchaguzi wa mtaa unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, na orodha yake inaandikwa upya pale pale unapoishi. Usipojiandikisha kati ya tarehe 11 na 20 mwezi huu wa Oktoba 2024, tarehe 27 Novemba utafika na kadi inang'aa na utarudi nayo inang'aa.

Mwaka 2014 nilikuwa na kiwanja pembezoni mwa mji, msingi umeshanyanyuka (mtaa siutaji, bado nina ndugu kule). Kijiweni kwetu kulikuwa na mjuaji mmoja, mtu wa kahawa na kashata, akatuambia vijana: mtaa ni mambo ya wazee, ngojeni uchaguzi wenyewe mwakani. Nikamwamini, maana alikuwa anawajua mawaziri wote kwa majina. Kumbe mwenzetu alijiandikisha siku ya kwanza! Mgombea alikuwa shemeji yake. Shemeji akashinda kwa tofauti ya kura zisizojaza hata Hiace moja. Sisi tuliobaki kijiweni tunapiga soga tungejaza mbili.

Mwanzoni sikuona hasara. Mwenyekiti wa mtaa si kugonga barua za utambulisho tu? Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali yote inahamia Dodoma, Mei 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja vya Dodoma, ikavunjwa, na mashamba ya uwele na alizeti yakaanza kugombaniwa na watu wa V8. Mwenyekiti wetu akawa anatembea na muhuri mfukoni. Nilimwona kwa macho yangu akigonga mkataba wa mauziano juu ya siti ya bodaboda, injini inanguruma, wino haujakauka keshapewa chake.

Mkataba mmojawapo ulikuwa wa kiwanja changu. Wapimaji walipokuja wakauliza mpaka uko wapi. Wanamuuliza nani? Mwenyekiti. Akanyoosha kidole, bikoni, lile jiwe la mpaka, ikachimbiwa katikati ya msingi wangu: sebule kwangu, vyumba vyote kwa mtu mwingine. Nikaenda baraza la kata, nikaambiwa nilete shahidi kutoka serikali ya mtaa. Shahidi ndiye yule yule! Pikipiki ikauzwa kulipia kesi, kipande kilichobaki nikakiachia kwa bei ya kutupa. Mke wangu akitaka kunitia adabu huwa ananiuliza sebule yangu inaendeleaje.

Na Oktoba 2015 nilikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, nimpigie kura rais. Rais hajawahi kuja kuonyesha mpaka wangu.

Unasema Florida kule Marekani mwaka 2000, Bush kumpita Gore kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6, ni muujiza usiojirudia. Kwa urais nakubali. Daftari letu la 2020 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 29, humo mimi na wewe hatuonekani. Mtaani kwako mtu anashinda kwa ukoo wake na vikoba viwili. Utaniambia mchezo wenyewe si safi, 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa na wagombea wa CCM wakapita bila kupingwa sehemu nyingi. Kweli, mwaka ule hata ningejiandikisha mara kumi isingenisaidia. Lakini 2014 wagombea walikuwepo wawili, sisi ndio hatukuwepo.

Kesho kabla ya kazi muulize mjumbe wako kituo kiko wapi. Ni kuandikwa kwenye daftari na kusaini, hakuna mashine wala picha. Orodha ikibandikwa, rudi usome jina lako herufi kwa herufi, maana waandishi wanakosea. Halafu ulizia wagombea ni akina nani, na shemeji zao ni akina nani.