Makumbusho hai: chagueni mwaka kwanza, majengo baadaye

Barua za majuma haya zimetoka zaidi kwa vikundi vya Iringa na Mbeya vinavyotaka kuanzisha makumbusho hai, mahali ambapo mgeni anakuta watu wakitwanga, wakisuka na kujenga kama zamani, badala ya kuona vitu kabatini. Ninajibu zile zitakazowafaa wengi.

Swali: Kamwene. Kikundi chetu kina ekari tatu jirani na Kalenga, ilipokuwa ngome ya chifu Mkwawa wa Wahehe. Tunataka kuonyesha historia yote ya Wahehe, toka zama za mawe hadi uhuru. Tuanzie wapi?

Jibu: Kamwene. Anzeni kwa kupunguza. Mgeni akitoka kwenye zana za mawe kama zile za Isimila, akapita kwa Munyigumba, baba yake Mkwawa, akaishia ofisi ya mkoloni, ataondoka na picha kwenye simu na hakuna alichokielewa. Chagueni mwaka mmoja. Mimi ningechagua 1893. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilimshinda Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakaiteka Kalenga kwa mizinga. Katikati kuna miaka mitatu ambayo watu waliamka, wakalima na wakaoza mabinti huku adui akijipanga upya. Nani alibaki shambani vijana walipoitwa ngomeni? Chakula cha akiba kiliwekwa wapi? Bunduki zilizotekwa Lugalo alikabidhiwa nani? Wapelekeeni wazee maswali hayo kabla ya kununua hata mti mmoja, na muwalipe kwa muda wao. Nimeona vikundi vinamrekodi bibi kutwa nzima, kisha vinamwachia soda. Hiyo ni dhuluma.

Vita vyenyewe msiviigize. Ninajua vinavuta watu. Lakini onyesho la Lugalo ni la saa moja, na siku zinazobaki mtakuwa na uwanja mtupu. Mama anayetwanga mtama na kueleza kwa nini mwanawe hayupo nyumbani anaweza kuifanya kazi hiyo kila siku, na mgeni ataielewa vita kupitia kwake.

Swali: Je, tujenge misonge mingapi?

Jibu: Hakuna hata mmoja. Nimeulizwa hili mara nyingi mno, na wanaouliza ni watu wa Iringa hii hii. Nyumba ya Mhehe wa wakati huo ilikuwa tembe: ndefu, kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo. Msonge wa nyasi mmeuona kwenye mabango ya hoteli. Tembe ina faida nyingine kwenu: mvua inalila paa na lazima likarabatiwe, kwa hiyo kila mwaka mna kazi halisi ya kuonyesha. Msifiche bati chini ya udongo. Mgeni ataligundua, na baada ya hapo hataamini lolote mnalomwambia.

Swali: Tuweke mfano wa fuvu la Mkwawa ili watu waje?

Jibu: Hapana. Fuvu, lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, mahali pake. Mabaki ya mtu si chambo cha wateja.

Swali: Sisi tuko Chunya, hatuna chifu maarufu wala ngome. Tutaonyesha nini?

Jibu: Mna dhahabu ya Lupa, na sijui kwa nini mnaomba radhi. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande, wazungu wenye leseni na vibarua weusi waliobeba mchanga. Shikeni miaka ya 1930, na habari iwe ya kibarua: analala wapi, analipwa nini, nani anampikia, lugha gani inamuunganisha na mwenzake aliyetoka mbali. Leteni karai na maji, mgeni achekeche mwenyewe mpaka mgongo umuume. Karasha, yaani mashine za kusaga mawe, na zebaki za leo zibaki nje ya uzio. Zebaki hasa ni sumu. Mvuke wake unaharibu neva, na mtoto wa shule hapaswi kuisogelea kwa sababu ya maonyesho.

Swali: Wahudumu wavae vitenge vya sare?

Jibu: Kama mmechagua 1893, tafuteni merikani na kaniki, nguo zilizoingia bara na misafara. Sare ni ya kwaya.

Swali: Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, tuuze?

Jibu: Uzeni, lakini panga ratiba kwa mvua, maana mlanzi haugemwi mwaka mzima. Mwonyesheni mgeni mgemaji akikata chipukizi na kuning'iniza mbeta, kile chombo cha kukingia, alfajiri. Mtogwa, ulanzi mtamu ambao haujachacha, ndio wa kumwonjesha. Mkangafu, ule uliochacha, umemwangusha dereva zaidi ya mmoja.

Swali: Tukichimba msingi tumekuta mawe yaliyochongwa na vigae. Tuyaweke mezani pa maonyesho?

Jibu: Simamisheni kazi leo. Msiyaoshe, msiyahamishe, fukieni mlipofukua na mtoe taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale kupitia halmashauri yenu. Sheria ipo tangu 1964. Jiwe likishaondolewa kwenye udongo wake, habari yake nyingi imepotea, na hakuna mtaalamu atakayeirudisha.

Swali: Watoto wa kijijini walipe kiingilio?

Jibu: Waingie bure, na Jumamosi wapewe mchi.