Muulize Mwalimu wa Gereji: Kompyuta ya Subaru, mteremko wa Nandi na Vitz ya Kakamega

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Lanet, Nakuru. Nimenunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006 iliyotoka Japani, injini ya EJ205 yenye turbo. Mwenyewe wa awali alibadilisha egzosi na kuweka chujio la hewa la wazi. Nina laptopu na kebo ya OpenPort ya kuiunganisha na kompyuta ya gari, na rafiki yangu wa Nairobi amenitumia faili ya kompyuta ya STI yake, ile Impreza yenye nguvu zaidi, ati niiingize tu na gari litapaa. Nataka kuijua kazi hii mwenyewe. Nianzie wapi?

Jibu: Hiyo faili ya STI iache huko huko kwenye simu. Kompyuta ya injini haioni petroli. Imeandikiwa kwamba nozeli zinazopulizia injini petroli hupitisha kiasi fulani kwa dakika, nayo hukokotoa izifungue kwa muda gani. STI ina nozeli kubwa kuliko zako. Tuseme faili inaamini nozeli hupitisha sentimita za ujazo 550, na zako hupitisha 440: injini inapata petroli pungufu kwa moja ya tano. Ukitembea polepole mjini, sensa ya oksijeni italificha kosa hilo na utamsifu rafiki yako. Ukikanyaga mpaka mwisho, mchanganyiko uliopaswa kuwa karibu hewa 11 kwa petroli 1 unakimbilia 14. Joto linapanda, injini inaanza kugonga (petroli inalipuka yenyewe ovyo ndani ya silinda), na pistoni ya EJ haina subira: hupasuka pale kwenye ukingo unaoshika ringi. Utajua kwa moshi wa buluu kwenye kioo cha nyuma.

Anza kwa kusoma tu, usiandike chochote. Programu za EcuFlash na RomRaider, za kusomea na kuandikia kompyuta ya gari, ni za bure. Toa faili ya asili iliyomo kwenye gari lako na uihifadhi mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu ikipotea hutakuwa na pa kurudi. Kabla hujaingiza faili yoyote baadaye, chomeka chaja kwenye betri ya gari na uhakikishe betri ya laptopu yenyewe ni nzima. Stima ikipotea katikati ya kazi na laptopu ikazimika, waweza kubaki na kompyuta mfu. Chini ya dashibodi utakuta soketi mbili za kijani ambazo lazima ziunganishwe kabla ya kuandika. Ukiziunganisha na kuwasha swichi, feni ya rejeta itazunguka na kusimama, izunguke tena, na pampu ya petroli itakuwa ikilia na kunyamaza. Usishtuke, gari limeingia hali ya majaribio. Ukimaliza, zitenganishe.

Sasa rekodi. Weka mizunguko ya injini, presha ya turbo, hewa inayosomwa na sensa, joto la hewa inayoingia, taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), na namba zinazohusu kugonga. Subaru ina kisikilizi kilichofungwa kwenye bloku. Kikisikia kugonga, kompyuta inarudisha taimingi nyuma na kuandika ilirudisha digrii ngapi, kwenye mizunguko gani. Ipo pia namba moja kuu inayoonyesha kompyuta inauamini kiasi gani mpango wa taimingi iliopewa: kwenye kompyuta za zamani inafika 16, kwenye za baadaye inafika 1. Ikiwa iko chini ya kilele chake na gari bado lina faili ya kiwandani, tatizo si programu. Tafuta petroli mbaya, plagi zilizochoka, paipu ya turbo inayovuja au nozeli chafu.

Na usishangae ukiikuta iko chini. Gari hili liliandikiwa petroli ya Japani, ile ya premiamu inayouzwa ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 98 hadi 100. Super yetu haifiki huko. Kwa hiyo siku utakapogusa taimingi kwa mara ya kwanza utakuwa unaipunguza, pale penye presha kubwa. Najua ulitarajia kinyume chake. Vijana wengi hapa Nakuru wana WRX kichwani kwa sababu ya Safari Rally, waliyoshinda madereva McRae 1997 na Burns 2000, wote na Impreza. Timu zile zilikuwa na mafundi waliobebwa kwa helikopta. Wewe una mimi.

Chujio la wazi silipendi. Sensa ya hewa ilipimwa ikiwa ndani ya paipu ya upana fulani. Ukibadilisha paipu, inadanganya, na hesabu yote ya petroli inaanza na uongo huo. Tafuta kasha la asili, hata la gari lililoanguka. Utapoteza mngurumo, utapata namba za kuaminika. Nunua pia sensa ya waidibandi inayosoma mchanganyiko halisi kwenye egzosi. Kabla ya hiyo, jedwali la petroli lililo ndani ya faili usiliguse.

Halafu kuna mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yetu ina presha ya kilopaskali 81 hivi, wakati Mombasa ni 101. Kufikisha kilopaskali 200 ndani ya injini, turbo ya Mombasa inaikandamiza hewa karibu mara mbili. Yako itaikandamiza karibu mara mbili na nusu, na hewa itatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo presha anayojivunia mtu wa pwani usiifuate.

Majaribio ya kukanyaga mwisho yafanyie kwenye mashine ya kupimia nguvu. Barabara ya Salgaa ina malori yake na makaburi yake.

Swali: Mwalimu, nipo Kisumu. Altezza yangu haina turbo, na nimeiwekea kompyuta ya kununua inayotumia sensa ya presha. Ilipangwa Eldoret na huko iko sawa kabisa. Nikishuka nyumbani inagonga nikikanyaga. Faili imeharibika?

Jibu: Faili ni nzima, ila ina sehemu isiyopimwa. Eldoret iko kama mita 2,100, na injini isiyo na turbo haiwezi kuvuta presha kupita ile ya hewa ya nje, yaani karibu kilopaskali 79. Kompyuta yako hufuata jedwali ambalo kila presha ina mstari wake, na fundi wako alipanga mistari mpaka hapo. Ya juu yake aliijaza kwa kukisia, maana gari halikuweza kuifikia. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, hewa ina 88 au 89. Ukishashuka mteremko wa Nandi unaingia kwenye mistari ambayo hakuna aliyewahi kuipima, tena na joto la ziwa juu yake. Mlete fundi Kisumu apange mistari ya 80 hadi 90. Kwa sasa mwambie apunguze digrii tatu au nne za taimingi kwenye mistari hiyo, nawe usikanyage zaidi ya nusu.

Swali: Nina Vitz ya lita 1.0, Kakamega. Nikibadilishiwa programu ya kompyuta nitaokoa petroli?

Jibu: Hapana. Jaza upepo kwenye magurudumu, badilisha plagi, na ile mizigo iliyo kwenye buti tangu Krismasi ishushe.