"Mvua kubwa" si "big rain"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika taarifa za maafa wilayani kwetu, na wafadhili wanazitaka kwa Kiingereza. Niliandika big rain, big wind, big loss. Zikarudi zimepigwa mistari myekundu. Nikafungua kamusi ya visawe, nikaweka enormous na gigantic. Zikarudi tena. "Kubwa" niitafsirije?

JIBU: Marahaba. Kamusi ya visawe imekupa maneno yanayokaribiana kimaana, lakini haikukuambia kila moja linaandamana na lipi. Hata sisi tunasema jua kali na usingizi mzito. Mgeni akisema "jua kubwa" tutamwelewa, ila tutajua Kiswahili bado hajakizoea.

Kwa hiyo anza na nomino. Fungua kamusi ya Kiingereza kwenye rain, usome mifano iliyowekwa pale: utakuta heavy rain. Kwenye wind utakuta strong. Hasara ni heavy losses, uharibifu ni extensive au serious damage, sauti kubwa ni loud voice, joto kubwa ni high temperature. Kazi inayofanywa na "kubwa" yetu peke yake, wenzetu wameigawa kwa maneno mengi.

Wanaosumbua zaidi ni big, large na great. Large lilitoka Kifaransa, lugha ya watawala wa Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka mwaka 1066, na hadi leo lina sauti ya kiofisi kuliko big. Hupenda idadi na kiasi: a large number, a large amount. Ile a big number of people ninayoisikia sana mikutanoni, irekebishe popote uionapo. Big ni la mazungumzo: a big mistake, a big difference. Great huenda na yasiyoshikika: great care, great difficulty. Ukitaja watu, angalia sana: a great man ni mtu wa kusifika, a large man ni mtu wa mwili mkubwa. Kaka yako mkubwa ni big brother hata kama umemzidi kimo.

Enormous na gigantic zinatia chumvi. Taarifa inayoomba msaada lazima iaminike, kwa hiyo ziache.

Kwenye taarifa yenu ningeandika hivi: Heavy rain and strong winds caused extensive damage to a large number of houses. Na kama nyumba mmeshazihesabu, futa a large number of, weka hesabu yenyewe.