Dada wa Malindi, hizo shoti za kichwani si jini wala si uteja

Assalamu aleikum dada. Umeandika kwamba umetumia sitalopramu, dawa ya huzuni, ya 20 mg miaka sita, na diazepamu ya kutuliza usiku, kisha siku kumi na mbili zilizopita ukaviacha vyote kwa mpigo kwa kuwa ulijiona umepona. Sasa kichwa kinapiga shoti kila ukigeuza macho, unalia hata chai ikimwagika, mavyaa anasema jini limerudi, na mumeo amekuita teja. Nimesoma mara mbili, kwa sababu nilipita humo humo.

Kwanza diazepamu, maana hiyo haingoji. Mtu aliyeizoea akiikata ghafla anaweza kushikwa na kifafa. Na kwa kuwa hukawia kutoka mwilini, madhara yake nayo huweza kuchelewa, kwa hivyo siku kumi na mbili zisikudanganye kwamba umevuka. Nenda kwa daktari leo, umwambie ulitumia kiasi gani na kwa muda gani. Na ukijikuta unawaza kujidhuru, usikae peke yako. Mwamshe mtu akupeleke hospitali usiku huo huo.

Mimi nashona kofia za vito, vile vitundu vya kudarizi, hapa Amu, yaani Lamu. Nilianza paroksetini, ndugu ya sitalopramu yako, ya 20 mg mwaka 2012, baada ya miezi ya kutolala na moyo kudunda kama nafukuzwa. Ilinisaidia sana, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani naisema vibaya. Baada ya Idi ya mwaka 2021 nikaona miaka tisa yatosha, nikaacha. Sikumuuliza mtu.

Siku ya tatu nimekaa barazani, sindano mkononi, nikageuka kumjibu jirani. Nikasikia ndani ya fuvu kama waya wa stima umegusana. Kisha tena. Nikilala, ndoto zilikuwa kali mpaka naamka nimelowa jasho. Mkono ukatetemeka, na kofia ya vito haishonwi na mkono unaotetemeka. Mamangu akaniuliza, "Kitwa chako kina nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Akaenda kwa mwalimu, nikaandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ninywe. Nililinywa na sijutii, dua ilinituliza moyo. Lakini shoti hazikuondoka. Wiki ya tano nikavuka hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, nikapanda basi la Mombasa, lile la kusindikizwa na polisi, natetemeka njia nzima na abiria wakidhani naogopa njia. Daktari aliponirudisha kwenye kidonge, shoti zilikwisha ndani ya siku mbili.

Siku mbili zile zilinifunza kuliko miaka tisa. Ugonjwa wenyewe ukirudi, mara nyingi huja polepole, kwa wiki na miezi. Mwili uliokatiziwa dawa hupiga kelele ndani ya siku chache, tena huja na mambo ambayo huzuni yako ya zamani haikuwa nayo: shoti, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, hasira isiyo na sababu. Na dozi ikirudishwa, kwa kawaida hutulia upesi. Rudi nyuma ukumbuke, shoti zilianza lini? Kabla hujaanza dawa uliwahi kuzisikia? Mwambie daktari majibu hayo, kwa maana wapo wanaoona machozi tu wakasema, "Umeona? Bado unaumwa."

Neno teja limeniuma. Sisi wa Pwani tunawajua mateja, na kila mtaa una mama aliyemzika kijana kwa ajili ya unga wa kulevya. Lakini wewe hukuwahi kuwinda dozi, hukuongeza kidonge kutafuta raha, hukuuza sufuria ya nyumbani. Ubongo wako umefanya kazi na dawa ile miaka sita, umejipanga kwayo, na ukiivuta ghafla unahitaji muda wa kujipanga upya. Diazepamu ina mazoea makali zaidi, lakini hata hiyo, uliandikiwa na daktari.

Sasa kupunguza, iwapo daktari atakurudisha kwenye dawa. Daktari wangu alinifungua macho kwa jambo moja: nusu ya kidonge si nusu ya nguvu yake. Watafiti wawili, Mark Horowitz na David Taylor, walilieleza mwaka 2019 kwa dawa hiyo hiyo yako. Sitalopramu ya 20 mg hushika takriban asilimia 80 ya vile visafirishi vinavyorudisha serotonini, kemikali ya ubongo, ndani ya seli. Ukishuka mpaka 5 mg, bado unashika karibu asilimia 60. Maana yake, kutoka 20 hadi 5 umeteremka kidogo, na kutoka 5 hadi sifuri umejirusha kutoka ghorofani. Ndiyo sababu watu hupunguza vizuri, wakafika robo ya kidonge, wakasema basi nimemaliza, kisha wakaanguka. Hatua zinatakiwa zipungue kadiri unavyokaribia mwisho.

Mimi kutoka 20 hadi 10 nilitumia miezi mitatu. Kutoka 10 hadi sifuri, miezi kumi na moja. Dawa ya maji sikuipata huku, basi kwa idhini ya daktari nilikuwa nasaga kidonge na kwenda kwa sonara anipimie kwa mizani yake ya dhahabu. Angalia hapa usikosee: kidonge cha 20 mg hakina uzito wa 20 mg, kingine chote ni unga wa kukishikilia, kwa hivyo pima kidonge kizima kwanza kisha ugawe. Na zipo dawa za kuyeyuka polepole ambazo hazisagwi kabisa. Muulize mfamasia kabla. Wewe ukipata ya maji, utapumzika na haya yote.

Kila nikiteremka niliandika daftarini nimeshona vito vingapi siku hiyo. Siku mbaya vinne. Vikibaki vichache wiki mbili, nilisimama pale pale nilipo, sikuteremka. Mara moja nilipanda tena, na daktari hakunilaumu. Ramadhani nilihamishia dozi kwenye futari, na nikisahau, paroksetini haikai mwilini, jioni ya pili shoti zilinikumbusha. Kahawa chungu niliipunguza, miraa sikuigusa. Asubuhi nilitembea ufukweni hadi Shela, jua halijawa kali. Hayo hayaponyi, lakini siku inapita.

Na si lazima ufike sifuri. Dada yangu mkubwa alijaribu mara mbili, huzuni yenyewe ikamrudia, si shoti, na leo yuko kwenye dawa yake, anauza viazi karai kila jioni na anacheka.

Mumeo mwonyeshe haya niliyoandika, hasa pale pa hasira. Mkubaliane neno moja, ukilitamka ajue ni dawa inayosema na aondoke chumbani kidogo bila kujibu. Sisi na mke wangu tulisema "kusi", ule upepo wa kusini. Nikisema kusi limevuma, yeye huwachukua watoto kwenda kwa mamake, nami hulala.