Marinda ya fondanti yaliyoteremka siku ya harusi

SWALI: Salaam aleikum mamangu. Mimi ni binti wa Likoni, na keki ndizo zinazonilisha. Mwezi wa tatu nilipata oda ya keki ya ghorofa tatu. Bibi harusi aliitaka ifanane na leso ya kisutu, basi nikaivika fondanti nyeupe, ile sukari inayokandwa na kusukumwa kama chapati, kisha nikaizungushia marinda ya fondanti nyekundu, tabaka tano zikipandana, na nukta nyeusi juu yake. Nikamaliza jioni, nikaitia kwenye friji ilale humo ishike. Asubuhi ilikuwa inapendeza, nikaipiga na picha. Kufika ukumbini saa nane mchana ikaanza kumeta kama iliyopakwa mafuta. Haikupita saa moja, marinda ya chini yakateremka pole pole mpaka kwenye sinia, na wekundu ukachuruzika juu ya nyeupe. Mamake bibi harusi hakunena kitu, lakini nilimuona uso. Nimekosea wapi? Disemba nina oda nyingine kama hiyo na arbuni nimeshaipokea.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana. Hapo pa mamake bibi harusi nilisita kidogo, kwa sababu uso huo nami nimewahi kuuona. Nilipoanza kuuza keki niliitoa moja hapa Kibokoni kwenda Nyali kwa gari lenye eisi, vioo vimefungwa, baridi tele, nikijua naitunza. Tulipofungua mlango pale uani, keki ilitokwa na jasho mbele ya macho yangu. Maua yalianguka moja baada ya jingine nikiwa nimeishika mikononi. Niliyapata malipo nusu, na usiku sikulala.

Kwa hivyo nianze na hilo friji. Itoe chupa ya soda iliyopoa uiweke mezani hapo kwenu Likoni, utaona inavyolia maji. Maji hayo hayatoki ndani ya chupa. Ni unyevu wa hewa yetu ya pwani unaogusa kitu baridi na kugeuka matone. Keki yako ilifanya vivyo hivyo, ila chupa ni kioo na fondanti ni sukari. Sukari ikipata maji inayeyuka, na ikiyeyuka inaachia rangi uliyoikandia. Kosa la kwanza halikuwa la marinda, yalikuwa yameshikiliwa na gundi ya sukari, na gundi ile ikageuka sharubati.

Siku nyingine ukiiona keki imeanza kumeta, usiiguse. Usiipanguse kwa kitambaa wala tishu, maana hapo ndipo rangi inaposambaa. Iweke mbele ya feni, mbali kidogo, uiache. Ikizoea joto la chumba, jasho hukauka lenyewe. Na kama huna budi kutumia friji, itie keki kwenye katoni, uifunge, uizungushie plastiki yote. Ukiitoa usifungue mpaka baridi yote iishe, muda wa saa tatu au nne kwa keki kubwa. Matone yatakaa nje ya katoni, ndani keki iko salama.

Mimi keki ya fondanti siitii kwenye friji kabisa, na naweza kufanya hivyo kwa sababu ya kilicho chini ya fondanti. Hukuniambia umetumia nini, lakini wengi wetu tunapaka krimu ya siagi. Siagi kwa joto la Mombasa ni mafuta tu, haiwezi kubeba marinda tabaka tano. Paka ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu. Mchana wa kaskazi mimi huchukua gramu 600 za chokoleti nyeusi kwa gramu 200 za krimu, sehemu tatu kwa moja. Chokoleti nyeupe ni laini zaidi, hiyo naipa sehemu nne kwa moja. Iache ilale nje usiku mmoja, asubuhi itakuwa imeshika kama udongo wa mfinyanzi, na fondanti ikikaa juu yake haizami. Katikati ya keki tia jemu au ganashi hiyo hiyo. Krimu mbichi waachie wenye kula keki saa ile ile.

Sasa marinda yenyewe, na hapa naomba unisome taratibu.

Fondanti ya kuvika keki isukume unene wa milimita 4. Tabaka la kwanza la marinda milimita 2. Yanayofuata juu yake yapungue mpaka milimita 1, uyashike kwenye mwanga wa dirisha uone kivuli cha vidole vyako. Nina hakika yako yote yalikuwa na unene mmoja. Ukirundika tabaka tano nene, la chini linabebeshwa uzito wa wenzake wote. Ukiyasukuma membamba, keki inapendeza zaidi pia, maana ukingo unapinda kama leso iliyopeperushwa na upepo.

Kila ukanda ukiukata, ulaze kwenye sinia iliyonyunyizwa konfulawa kidogo sana. Uache dakika 15 hadi 20. Usiuache ukakauka kabisa, utapasuka ukiuzungusha. Unachotaka ni ngozi tu: ukiupapasa kwa mgongo wa kidole unahisi kama karatasi, na ukiupinda bado unakubali. Hapo ndipo ubandike. Anza chini upande juu, na kati ya tabaka na tabaka subiri nusu saa. Najua oda ikikukaba nusu saa ni nyingi. Subiri hivyo hivyo.

Gundi fanya hii: robo kijiko cha chai cha unga wa CMC, ule unga wa wapambaji keki unaofanya maji yawe mazito na ya kunata, kwenye vijiko viwili vya mezani vya maji ya vuguvugu, iache usiku mmoja, itakuwa ute mzito usio na madonge. Chovya brashi, uiguse kwanza kwenye kitambaa, kisha pitisha mstari mmoja juu ya ukanda, upande wa ndani, usifike ukingoni. Ukiona kitu kinang'aa umezidisha. Wengi hupaka maji matupu na kuyajaza, halafu wanashangaa ukanda unateleza.

Nyekundu na nyeusi zikande siku moja kabla, kwa rangi ya jeli, si ile ya maji. Nyekundu hukolea ikilala, kwa hivyo acha ikiwa bado imepungua kidogo, asubuhi utaikuta imefika. Kwa nyeusi anza na unga wa kakao mpaka fondanti iwe kahawia iliyoiva, kisha ndiyo utie rangi nyeusi. Utatumia kidogo, na fondanti haitalegea mkononi. Nukta bandika mwisho kabisa, nyekundu ikiwa imeshakauka.

Na feri ya hapo kwenu Likoni? Usiivushe keki ikiwa imesimama ghorofa tatu. Kila ghorofa iwe na katoni yake na kibao chake, zikae sakafuni mwa gari juu ya kipande cha mpira usioteleza, eisi izimwe. Ghorofa za chini zitie vijiti vya kubebea, vyote vimekatwa urefu mmoja, upange ukumbini. Nenda mapema, na uchukue vipande kadhaa vya marinda vya akiba na gundi yako.

Huyo mamake bibi harusi, ukipata nafasi mpelekee keki ndogo nyumbani. Mwambie tu umeijua sababu.

SWALI: Mama, watoto wangu wanataka keki ya fondanti, na nimeambiwa inatengenezwa kwa mashimalo, zile peremende laini kama sponji. Nitajuaje kama ni halali? Baba wa wawili, Majengo.

JIBU: Umefanya vizuri kuuliza. Mashimalo nyingi zina jelatini, na jelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Pakiti ikisema jelatini tu bila kutaja mnyama wala kuwa na alama ya halali, iache dukani. Nunua jelatini ya ng'ombe yenye alama, utengeneze mwenyewe nyumbani bila mashimalo.

Loweka kijiko kimoja cha mezani cha jelatini kwenye mililita 60 za maji baridi kwa dakika tano. Kiweke chombo juu ya maji ya moto mpaka jelatini iyeyuke, isichemke. Ongeza nusu kikombe cha glukosi nzito, vijiko viwili vya mezani vya mafuta magumu meupe, na gliserini. Mapishi mengi husema gliserini kijiko kimoja cha mezani. Mimi hutia vijiko viwili vya chai tu, kwa sababu gliserini huvuta unyevu na hapa petu unyevu hauhitaji kualikwa. Mimina kwenye kilo moja ya sukari ya aisingi iliyochekechwa, lakini weka kando kikombe kimoja uitie kidogo kidogo unapokanda. Ikiacha kunata mkononi, ipake mafuta, ifunge kwenye plastiki, ilale mpaka kesho. Watoto waache wakande, wataipenda kuliko keki.

SWALI: Fondanti iliyobaki naiweka wapi? Msomaji, Changamwe.

JIBU: Si kwenye friji. Ipake mafuta kidogo, ifunge plastiki mara mbili bila hewa, itie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, kabatini mbali na jiko. Ikiwa ngumu, ipashe kwenye maikrowevu sekunde tano tu, kisha ikande na mafuta viganjani. Ikiwa na harufu usiyoijua, itupe.