Askari wa farasi au wapanda farasi?

SWALI: Ninatafsiri historia ya East African Mounted Rifles, kikosi cha walowezi kilichoundwa Nairobi mwezi Agosti 1914. Niliandika "wapanda farasi" kila mahali. Mhariri amebadilisha, akaweka "wapandaji farasi". Yupi kati yetu amepatia?

JIBU: Ndugu mtafsiri, "wapandaji farasi" halijakaa vizuri. Jina linalotokana na kitenzi likifuatwa moja kwa moja na mtendwa wake, huishia na -a: mpanda farasi, mla nyama, mfua chuma. Kiishio -ji hujitosheleza chenyewe, au hudai kiunganishi: mpandaji wa farasi. Ukifungua Biblia, Kutoka sura ya 14, wanaowafukuza Waisraeli ni wapanda farasi wa Farao. Hapo umeshinda wewe.

Lakini hata "wapanda farasi" halikufai kila mahali. Jina hilo humtaja mtu kwa tendo lake, naye anaweza kuwa askari, mtalii au mshindani wa mbio. Sasa tazama mapigano ya Longido, kaskazini mwa Tanzania ya leo, tarehe 3 Novemba 1914, jeshi la Waingereza lilipowashambulia Wajerumani. Wanajeshi wa aina hii walitumia farasi kuwahi mahali, kisha wakashuka na kupigana kwa bunduki, miguu chini. Ukiandika "wapanda farasi waliwafyatulia risasi Wajerumani kutoka nyuma ya mawe", msomaji atajiuliza farasi wamejibanza wapi.

Ushauri wangu ni "askari wa farasi". Tunalo tayari "askari wa miguu", na hakuna anayedhani huyo anatunza miguu. Anayetunza farasi naye ana jina lake la siku nyingi, saisi, kwa hiyo usiogope kwamba watachanganywa. Kikosi chenyewe kiite "kikosi cha farasi", na "wapanda farasi" uliweke pale tu mtu anapokuwa juu ya tandiko, hatamu mkononi: "Wapanda farasi wawili walitokea wakienda shoti."

Faida ya mpango huu utaiona utakapofika mwaka 1916. Mwezi Aprili, farasi wa Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer, waliopigana upande wa Waingereza, walikufa kwa mamia njiani kwenda Kondoa Irangi, kwa maradhi na uchovu, mvua ikinyesha. Wengi wa askari hao walimalizia safari wakitembea. "Wapanda farasi walitembea" ni sentensi inayojipinga yenyewe. "Askari wa farasi walitembea, maana farasi wao walikuwa wamekufa" inasimama, tena inauma inavyostahili.

Jambo moja hukuliuliza, ila nimeliona kwenye kurasa ulizotuma, nami nisingependa lipite. Umeandika kwamba "nyumbu" walibeba mizigo ya jeshi. Hujakosea, kwani nyumbu ni mnyama aliyezaliwa na punda na farasi. Lakini ndiye pia yule wa porini anayehama Serengeti kwenda Mara, na Longido iko kwenye nchi hiyohiyo ya wanyamapori. Msomaji wa Arusha atamwona nyumbu wa mbugani amefungwa pipa la maji mgongoni! Andika "baghala". Kama unahofia kwamba vijana hawalijui, lifafanue mara ya kwanza, "baghala, yaani nyumbu wa kufugwa", kisha endelea nalo hadi mwisho wa kitabu.