Kwa nini jenereta haiokoi treni ya mjini

Swali la wiki: hospitali ikikatikiwa umeme huwasha jenereta, kwa nini treni za umeme za mijini zisifanye vivyo hivyo?

Tuanze na hesabu. Treni ya mjini iliyojaa abiria, inapong'oka kituoni, yaweza kuvuta megawati 3. Jenereta ya hospitali ya kawaida mara nyingi haifikishi hata megawati 1, tena mzigo wake umetulia. Mzigo wa treni unaruka: unapanda ghafla, unashuka, unapanda tena, na injini ya dizeli ikizidiwa hivyo hupoteza kasi na kujizima. London wanayo mitambo ya akiba Greenwich, lakini kazi yake ni kusaidia kuwatoa abiria salama, si kuendeleza safari.

Kinga ya kweli iko kwenye vituo vya kupozea umeme, vinavyoshusha volti za gridi na kuilisha reli. Kwa reli ya volti 750, kama ya Addis Ababa iliyofunguliwa 2015, megawati 3 ni ampea 4,000. Mkondo mkubwa hivyo hupoteza volti nyingi njiani, kwa hiyo vituo hupangwa kila baada ya kilomita chache. Kwa kilovoti 25, kama SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, mzigo uleule ni ampea 120 tu, na vituo huweza kuachana makumi ya kilomita. Kote kuwili, kila kituo kipate laini mbili kutoka sehemu mbili za gridi, na kiwe na nguvu ya kubeba eneo la jirani yake akizimika. Laini mbili zinazoning'inia kwenye nguzo zilezile mimi nazihesabu moja.

Tena tatizo si umeme kukatika tu. Tarehe 9 Agosti 2019 huko Uingereza, radi ilipiga laini, mitambo ikajitoa kwenye gridi, na masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, yakashuka kutoka hezi 50 hadi 48.8. Nyaya za reli hazikukosa umeme, lakini treni kama 60 za aina ya Class 700 na 717 zilijizima, kwa kuwa programu yake haikuvumilia chini ya hezi 49. Gridi ilitulia mapema. Treni nyingi zilibaki zimekwama zikimsubiri fundi aje na laptopu, moja baada ya nyingine.

Treni ikikwama, betri hubeba taa, redio na milango, haigusi mota. Kompresa, pampu ya hewa ya breki, nayo husimama na hewa huvuja polepole, ndiyo maana breki ya maegesho hukazwa kwa springi, si kwa hewa. Abiria wasishuke relini hadi ithibitishwe kuwa umeme umefungwa na njia imeunganishwa ardhini, maana unaweza kurudi sekunde yoyote. Na ukirudi, kituo cha udhibiti huziruhusu treni kuondoka kwa zamu. Zikivuta zote kwa pamoja, swichi za kituo cha kupozea huruka na giza linaanza upya.